Mabenchi Niliyoyapanga Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo haijanitoka kichwani tangu Jumapili uliponionyesha ule mchoro kwenye simu yako. Umepewa kazi ya kuandaa ukumbi wa kanisa hapa ugenini Riverdale Park, watu wetu wakutane Jumamosi wachague kamati mpya, nawe umechora meza mbili ndefu: watu wa mlimani kushoto, watu wa ziwani kulia. Nilipokunja uso ulicheka.

"Tonton, relax," ukasema. "Ni seating tu. Kila mtu atakaa na watu anaowajua, halafu baadaye wata-mingle."

Ulidhani nimechoka, ukanimiminia chai nyingine na kunitilia sukari ambayo daktari amenikataza, maana wewe hujui kuninyima kitu. Mimi si ndugu yako wa damu, ingawa waniita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, lakini unanitunza kama baba yako mzazi. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukwambia uso kwa uso. Naogopa. Ukishayasoma haya, huenda Jumapili ijayo usije.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini kasoro, karani katika ofisi ya eneo letu kando ya ziwa. Nchi ilikuwa vitani, na wanajeshi wa nchi jirani walikuwa wameishika wilaya yetu yote. Kamanda wao alilala katika nyumba ya chifu wetu aliyekimbia, akila kuku wake. Kilichowavuta kwetu kila mtu alikijua: wataalamu walikuwa wamekuja na vyombo vyao, wakapima ufuo, wakaondoka wakisema chini kuna mafuta. Tangu hapo kila mwenye bunduki akawa rafiki yetu.

Kamanda alitaka chifu mpya, mtu wa kufungua njia wapimaji watakaporudi. Akaitisha mkutano wa wananchi, na mimi nikaambiwa niandae uwanja. Basi. Hakuniambia zaidi ya hapo, na naomba neno hili ulishike.

Lazima kwanza uijue desturi ya kijiji chetu, ambayo mama yako huenda hajakusimulia. Kwenye baraza, watu wenye ugomvi walikaa benchi moja. Kama ng'ombe wa huyu wamekula mihogo ya yule, wawili hao waliketi bega kwa bega na kunywa maji kwa kikombe kimoja mpaka kikao kiishe, hata kama kesi yao haikuwa ya siku hiyo. Nimewaona watu walioingia hawasalimiani wakatoka wakiombana tumbaku.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa fujo tupu. Wewe unanijua: mpaka leo, kule dukani Beltsville, napanga makopo kwenye rafu hadi meneja ananiambia inatosha. Sasa nifikirie nikiwa kijana, nimesoma, nina kalamu mbili mfukoni, na nataka kamanda aone kwamba na sisi tunajua utaratibu. Nikaazima mabenchi ya kanisa, nikayapanga pande mbili na kuacha njia pana katikati. Mlimani huku, ziwani kule. Iwe rahisi kuhesabu, nilijiambia. Nikachora hata mstari wa chokaa. Ulinyooka sana ule mstari, na Mungu anisamehe, niliupenda.

Watu walipofika walisitasita. Wenye ugomvi wao wa mihogo walitafutana kwa macho, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi yangu, nawaelekeza kwa kidole. Wakaketi kama nilivyotaka.

Bibi yako hakuketi. Wewe unamjua kwa ile picha ya sebuleni kwenu tu. Mimi nilimjua akiwa na nguvu zake, mama wa kukausha samaki, ambaye sauti yake ilifika mahali kabla yeye mwenyewe hajafika. Alizaliwa mlimani, akaolewa ziwani. Alikuja amemshika mkono mama yako, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, akasimama juu ya chokaa yangu.

"Weye kijana," akaniambia, "bwana yangu anakaa kule. Kaka zangu banakaa huku. Miye na huyu mtoto tukae wapi?"

"Kaa popote, mama. Usitucheleweshe bure."

"Popote iko wapi? Miye naona pande mbili tu."

Watu wachache walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Bibi yako akasimama palepale juani mpaka mkutano ukaisha, zaidi ya masaa mawili, mama yako ameegemea kiuno chake. Alipopita karibu nami akitoka, alisema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa kawaida yake, "Umetupanga vizuri sana, kijana. Sasa kamanda atatuhesabu."

Niliudhika. Nikamwona ni mama mjuaji anayetaka kuniharibia siku.

Kamanda alifurahi mno. Alisimama kwenye ile njia yangu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza upande upi una watu wengi. Hesabu nilikuwa nayo tayari, nikampa. Upande mmoja akaupa uchifu, na upande wa pili, kwa siri, akaupa bunduki, ili chifu asije akamsahau aliyemweka. Haikuchukua miezi mingi, watu waliokuwa wakinywa kikombe kimoja wakawa wanachomeana nyumba. Sisemi mabenchi yangu yaliileta vita. Wakubwa walikuwa wameshaileta. Lakini walihitaji mtu wa kuwaonyesha pa kukata, nami niliwaonyesha bila kuombwa.

Nyumba ya bibi yako ilichomwa na watu wa upande wa mumewe, kwa kuwa yeye ni wa mlimani. Akakimbilia kwa kaka zake, yeye, mumewe na mtoto. Hao wakampokea yeye na mtoto, wakamfukuza babu yako. Alirudi ziwani peke yake, na mpaka leo hatujapata habari zake. Mama yako hukwambia tu kwamba babu yako alipotea vitani. Sasa unajua kupotea kwake kulianza wapi.

Nami nilipokimbia, nilimkuta bibi yako ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa siku nne nilipita njia za nyuma ili tusionane, hata foleni ya unga nikaiacha. Siku ya tano aliniona. Alikuwa ameketi mkekani, akasogea, akapigapiga nafasi kando yake.

"Kuya ukae hapa," akasema. "Weye na miye tuko na ugomvi."

Nikakaa. Akachota maji, akanywa, akanipa kikombe. Nililia mbele ya watu, mwanamume mzima, wala sioni haya kukwambia. Hakunifariji kwamba si kosa langu. Aliniambia nilikosa, tena nilikosa sana, kisha akaniuliza kama nimekula. Kabla hajafariki aliniachia mama yako, akamwambia mimi ni kaka yake. Mama yako anayajua haya yote, Neema. Aliniachia mimi nikwambie.

Sasa nisikilize. Najua hapa Riverdale Park hakuna kamanda, na hakuna atakayechomewa nyumba kwa sababu ya meza zako. Lakini habari za mafuta zimeanza tena kule nyumbani, na simu za watu wetu zimejaa maneno makali. Jumamosi wataingia na maneno hayo mifukoni. Wachanganye tangu mlangoni. Yule mzee anayekuja kutoka mji wa Columbia na yule fundi wa magari ambao hawajasemezana tangu Pasaka, waweke kiti kwa kiti. Watanuna, waache wanune.

Na maisha yako yote, ukipewa kazi ndogo na watu wakubwa, usiidharau kwa udogo wake. Uliza itatumiwa kwa nini. Kabla hujawapanga watu, angalia ni nani atakayekosa pa kukaa. Bibi yako aliniuliza swali hilo hadharani, nami nikacheka. Nimeutazama mchoro wako mara nyingi tangu Jumapili, mwanangu. Umejiweka mlangoni, eti unapokea wageni. Nimekutafuta kwenye meza zote mbili, wewe mwenye damu ya kote kuwili, sikukuona.

Jumapili nitakusubiri. Usipokuja sitakulaumu, na nitaendelea kukupenda, maana hilo siwezi kuliacha. Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe watu wa kuketi nao popote utakapofika, na wasikuulize umetoka upande gani.