Maswali ya Darasa la Madame Laurence

Laurence Mukasine alifundisha hesabu katika shule moja ya msingi mjini Gisenyi, Rwanda, na darasa lake lilisifiwa kwa ukimya. Alisema sentensi, watoto wakairudia, wakaiandika. Ilikuwa mwaka 1998, miaka minne baada ya mauaji ya kimbari. Risasi za waasi zilisikika bado upande wa vilimani, na ukimya wa darasani ndio uliomtuliza.

Wakati wa likizo walimu waliitwa mafunzoni. Mkufunzi wao, Rugema, alikuwa amerudi kutoka Tanzania. Kifaransa hakukijua, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kukwamakwama, basi alifundisha kwa Kiswahili. Aliwauliza nusu ukiigawa kwa robo unapata ngapi. Laurence akajibu upesi kwamba ni mbili: unageuza sehemu ya pili, kisha unazidisha.

"Kwa nini unaigeuza?" Rugema akauliza.

Laurence akasema ndiyo kanuni.

"Na mtoto akikuuliza?"

"Batoto yangu habaulizaka," Laurence akajibu kwa Kiswahili cha mpakani.

Rugema hakucheka. Aliwagawia karatasi, akawaambia wakunje na kukata mpaka waone kwa macho robo ngapi zimo ndani ya nusu. Walimu wengine walikata huku wakitaniana. Laurence alikata kwa hasira. Jioni alishindwa kukaa nyumbani. Alitembea hadi Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo, akasimama kati ya wanawake waliokuwa wakirudi na vikapu kutoka Goma, akageuka, akaanza kutembea tena. Kwanza alimkasirikia Rugema. Kisha akawafikiria watoto wote aliowafundisha kanuni ambayo yeye mwenyewe hakuielewa.

Shule ilipofunguliwa aliwapa wanafunzi karatasi, akawauliza robo ngapi zimo ndani ya nusu, akaenda kuketi nyuma ya darasa. Walimgeukia, wakangoja awape jibu. Aliwaonyesha karatasi kwa kidole. Mmoja akakata, jirani yake akambishia, na punde darasa zima likawa linabishana. Mkurugenzi wa shule, Onésphore, aliingia mbio akitweta, akidhani shule imevamiwa.

"Madame, kelele inafika mu barabara," alisema kwa sauti ya chini. "Batu batakimbia."

Laurence aliomba radhi, akafunga madirisha, akawaambia watoto wabishane kwa kunong'ona. Mkurugenzi alisimama akitazama karatasi zilizokatwa, kisha akaondoka bila kumkataza.

Aliwaambia waulize wanachotaka, na kwa wiki kadhaa maswali yaliongezeka. Siku moja, wanafunzi walipotoka, Murekatete alibaki. Alikuwa msichana asiyeinua mkono kamwe.

"Madame, ulisema tuulize. Papa yangu iko mu gereza juu ya nini?"

Laurence alikuwa amesikia yaliyosemwa juu ya mtu huyo na mauaji ya miaka minne iliyopita. Yapi yalikuwa ya kweli, hakujua. Zamani angemtuma mtoto akafute ubao. Sasa aliketi kwenye benchi kando yake.

"Mi sijui yote, na sitakudanganya," alisema. "Twende kwa mama yako, tumuulize pamoja."

Walipanda hadi mtaa wa Nengo. Mama alisikia swali, akamgeukia mwalimu kwa ukali, akamuuliza nani amemtuma kuingilia mambo ya nyumba yake. Laurence alitamani kuondoka. Lakini Murekatete alikuwa ameshaketi miguuni pa mama yake, akingoja. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha akaanza kusimulia habari za baba. Alipomaliza, mtoto aliuliza swali jingine, na hilo pia mama akalijibu.