Wimbo wa Namba Tano

Mwezi wa tisa ule, pale mkahawani kwa Mama Fusae mjini Amagasaki, hapakulika kwa amani. Watu walikuwa wakiagiza chapati nene za kabichi, halafu wanaziacha ziungue kwenye bamba la moto huku wakibishana kuhusu Kirishima.

Kirishima, namba tano mgongoni, alikuwa mpigaji tegemeo wa Korongo, timu ya besiboli ya mji. Msimu wake wa nane ulikuwa ukingoni, na mchezaji akitimiza miaka hiyo mkataba unamfungua, anakwenda atakako. Gazeti moja la michezo likaandika kwamba timu tajiri ya Tokyo imemwekea mezani mkataba wa miaka minne na ameshaukubali.

"Gazeti hilohilo mwezi wa tano lilimstaafisha kocha," alisema Yonekura, dereva wa teksi. "Kocha mwenyewe alilisoma akiwa mazoezini."

"Wewe endelea kucheka," alisema Inagaki. "Kama ni uongo, mbona hakanushi?"

"Mkuu, wewe ungeitiwa hela zile, si ungekwenda hata kwa miguu?"

"Mimi sijavishwa jezi ya Korongo nikiwa na miaka kumi na minane. Yeye kavishwa, kalishwa, kaimbiwa. Leo anatugeuzia mgongo."

Inagaki, fundi mikeka mstaafu, ndiye aliyekuwa mkuu wa washangiliaji wa jukwaa la kulia. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini uwanjani neno lake lilikuwa sheria. Kila mchezaji ana wimbo wake, na tarumbeta hailii mpaka mkuu apulize kipenga. Anayejipigia bila kipenga anavuliwa koti la kikundi palepale, na hakuna wa kumtetea.

Mama Fusae alikuwa amepiga tarumbeta hiyo miaka ishirini na miwili. Tangu afiwe na mumewe, Jumapili zake hazikuwa na watu wengine ila wa kikundi hicho. Na wimbo wa Kirishima aliutunga yeye, palepale jikoni, akigonga mapigo kwa mwiko juu ya bamba, wakati kijana mwenyewe bado ana miguu kama vijiti na hakuna anayemjua.

"Jumapili ndiyo mechi ya mwisho ya nyumbani," alisema Inagaki. "Akija kupiga, tunamnyamazia. Hakuna wimbo, hakuna makofi."

"Mkuu, na kama hajaamua?" aliuliza Fusae.

"Basi aseme."

"Atasemaje? Mchezaji hazungumzii mkataba kabla msimu haujaisha. Adabu hiyo tumewafundisha sisi wenyewe. Yule wa mwaka juzi aliyesema, si tulimzomea mwezi mzima?"

Inagaki alisema mama ageuze chapati, mambo ya uwanjani amwachie yeye. Wengine wakaitikia kwa vichwa, na shauri likapita hivyo.

Jumapili mchana jua lilikuwa kali. Hadi awamu ya nane kati ya tisa Korongo walikuwa nyuma kwa pointi moja, wachezaji wao wawili wakiwa vituoni, wanasubiri mpigaji wa kuwarudisha nyumbani wapate pointi. Akatoka Kirishima kuja kupiga.

Alikuwa na desturi yake. Hugonga kisigino kwa gongo mara mbili, husimama nje ya mstari, na huingia tu tarumbeta inapofika ubeti wa pili. Siku hiyo aligonga mara mbili, akasimama.

Fusae alishainua tarumbeta. Mdomo ulikuwa umegusa chuma, pumzi imejaa kifuani. Akamtazama Inagaki. Kipenga kilikuwa kinaning'inia shingoni, mikono mkuu ameikunja, naye anamtazama yeye. Jukwaa zima lilitulia kama maji mtungini.

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa. Aliliona koti lake likivuliwa mbele za watu, akaziona Jumapili zote zilizobaki, akaishusha tarumbeta mapajani.

Kirishima aligeuka akatazama jukwaa la kulia, akatazama kwa muda mrefu, mpaka mwamuzi akamwambia aingie. Mipira mitatu ikaja, mara tatu akapiga hewa. Korongo wakafungwa. Njiani kurudi hakuna aliyebishana na mtu.

Mwezi wa kumi na moja Kirishima akatokea kwenye televisheni, amevaa suti nyeusi. Mkahawani kila mwiko ulisimama. Alikuwa anakwenda Tokyo.

"Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba tunabaki," alisema, akifuta macho kwa kiganja. "Gazetini waliandika yao, nami sikuwa na ruhusa ya kusema. Jumapili ile nilisimama nikisubiri tarumbeta. Haikulia. Nikaona basi, watu wangu wamenichoka."

Alipomaliza aliinamisha kichwa, na hakukiinua upesi.

"Si nilisema ataondoka?" alisema Inagaki, lakini sauti haikuwa ile ya siku zote.

Yonekura alisema, "Mkuu, leo nyamaza."

Inagaki hakuweza kunyamaza. Alikoroga mchuzi, akakohoa, akasema kuna kijana mpya anaingia msimu ujao, naye atahitaji wimbo. "Ule wa namba tano una sauti nzuri, Mama Fusae. Tubadilishe maneno tu, kama tunavyofanya siku zote."

"Ule hapana."

"Nyimbo ni za kikundi, mama."

"Nilimtungia yeye. Siku aliyouhitaji nilikuwa nao mdomoni, nikaumeza kwa kukuogopa wewe."

Akaenda ukutani, akalitungua koti la kikundi kwenye msumari, akalikunja mikono ndani kama linavyopaswa kukunjwa, akaliweka mbele ya Inagaki kando ya chupa ya bia. Mkuu alilitazama tu, hakuligusa. Fusae akachukua mwiko, akamgeuzia chapati yake, maana ilikuwa imeanza kuungua.