Mgeni Kaandikwa na Karani

Jamani, juzi ofisi ya ardhi hapa Bariadi nilicheka mpaka kitenge kikanidondoka. Dada mmoja wa Ngulyati, kaolewa na Mkenya, alikuja kuandikisha kiwanja alichopewa na baba yake. Karani akamuuliza jina la mume, akaliandika pale pa mwenye kiwanja, halafu akamrudishia fomu. "Mgeni hamiliki ardhi, dada."

Dada akaweka kitambulisho mezani. "Mgeni umemwandika wewe. Mimi ni Mtanzania. Lete fomu nyingine."

Akakaa, akatoa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akawa anatafuna huku anamkazia macho.

Karani akaandika upya, jina la dada peke yake. "Sasa shemeji atakaa wapi?"

"Kwangu."

Wadogo zangu mlioolewa na wageni, mkifika pale iangalieni kalamu inamwandika nani.