Nusu kidole cha petroli: nilivyochagua nozeli za ndege Mpanda nikaambiwa nipande wa kwanza

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii stori nimekaa nayo tangu miaka ya tisini, leo nimeamua kuitua. Sitii chumvi hata punje. Wale wazee wa "chai", mnaoona kila stori ni ya kutunga, wekeni vikombe chini kwanza, mtakunywa mwishoni.

Mimi ni fundi wa nozeli, vile vidude vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Enzi hizo nilikuwa na kigereji Majengo, pale Mpanda mjini. Trekta, mashine za kusaga, malori ya tumbaku, vyote nilipima. Wazazi wangu walitoka Burundi, tumekulia Katumba, na nilikuwa najisikia kweli kweli. Mjini kote ukisema "nozeli" unaletwa kwangu.

Dada yangu Editha aliolewa Mwese, kule milimani. Mwaka huo alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane. Ile ya kwanza alijifungua kwa kisu. Nesi wa zahanati yao akatuma barua na mtu wa miguu: huyu asisubiri uchungu, aletwe Mpanda hospitali mapema.

Sasa ajeje? Masika yalikuwa yamekata barabara. Hata pikipiki zilikuwa zinabebwa mabegani.

Kilichobaki ni ndege ya Babu Ndege.

Huyu alikuwa mzungu mmoja mzee, kaijenga ndege yake mwenyewe, viti viwili tu, cha kwake na cha abiria. Alikuwa anapeleka dawa vijijini. Injini yake wakuu, haina pistoni! Ndani kuna vyuma viwili vya pembe tatu vinazunguka tu. Kumbe ni injini ya gari. Aliponifungulia nikaiona, nikasema aisee, wazungu hawana kazi.

Inatumia nozeli nne za petroli. Na zote nne zilikuwa zimekufa kwa kutu, maana petroli yetu ya mapipa mnaijua, nusu maji.

Babu akapiga redio Dar, zikaja sita kwa treni. Used, za kung'olewa kwenye magari, zimefungwa kwenye kopo la maziwa. Kazi yangu ikawa kuchagua nne kati ya sita.

Nikaenda kiwanjani na mashine yangu ya kupimia nozeli za dizeli, kifua mbele. Babu kuiona tu akapiga kelele.

"Fundi, hiyo itapasua! Hii ni petroli, presha yake ndogo!"

Nikairudisha kwenye baiskeli kimya kimya.

Basi nikazishika zile sita, nikazitazama, nikazipuliza. Zinafanana kama njugu. Nikachagua nne zilizokuwa safi kwa nje. Nikamwambia, "Mzee, hizi zinatosha."

Akafuta mikono. "Vizuri. Kwangu sheria ni moja, fundi aliyechagua ndiye anapanda na mimi mara ya kwanza. Kesho asubuhi, sawa?"

Wakuu, nilikuwa sijawahi kupanda hata ghorofa.

Nikasema, "Ngoja kidogo mzee, nizirudie."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini hakuniambia niache.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nozeli za petroli zinafunguka kwa umeme, basi nikachukua mita ya umeme nikapima moja moja. Nne zikasoma namba zinazokaribiana na zile za zamani. Mbili zikasoma chini kabisa. Babu akasema hizo mbili zikifungwa zitaunguza boksi la umeme linaloziongoza. Na moja ya hizo mbili nilikuwa nimeichagua mimi, ile iliyong'aa kuliko zote!

Nikazitupa pembeni. Zimebaki nne, na nne ndizo tunazotaka. Nikamshukuru Mungu mapema.

Halafu tukazipima kwa kumwaga. Chupa nne za soda, zile za kioo, zimepangwa juu ya ubao. Pampu, betri, swichi. Kila nozeli inamwaga nusu dakika kwenye chupa yake, Babu anashika saa.

Chupa tatu zikalingana. Ya nne ikapungua kidole kizima.

"Upande mmoja ukinyimwa petroli unapata moto," Babu akasema. "Ukipata moto unakatika. Ukikatika, tunashuka."

Nikaiosha ile ya nne. Nikaigongesha kwenye betri, tik tik tik, mchana mzima, jua la baada ya mvua linanichoma kisogo. Kipimo chake kikapanda, ila bado kikapungua nusu kidole.

Wakati huo mama akatokea, kanga kichwani, matope hadi magotini. Mkononi barua nyingine. Editha ameanza kuumwa mgongo.

"Mwana wanje," akaniambia kwa Kirundi chetu, "hiyo ndege inasubiri nini?"

Nikamwonyesha chupa. Akachuchumaa, akaziangalia sana.

"Hii ndogo tu. Si inatosha?"

Wakuu, nilitaka kusema ndiyo. Roho ilikuwa inaniuma, dada yangu yuko kule, mama yangu yuko mbele yangu, na mimi nabishana na nusu kidole. Trekta ningeifunga zamani. Trekta ikizima shambani unashuka unakojoa, unaita watu.

Nikasema, "Oya, mama, hapana. Haitoshi."

Akakaa chini palepale kwenye majani. 

Nikajiuliza, ingekuwa dizeli ningeanzia wapi? Si kwenye filta! Nikamulika juu ya nozeli, kule petroli inapoingilia. Kuna kichujio kidogo, kama kofia ya mchwa. Kimejaa uchafu mwekundu. Nikakaza skrubu nyembamba ndani yake nikakivuta, kikatoka. Nikaenda kwa ile nzuri ya nje tu niliyoitupa, ile inayong'aa, nikaivua kichujio chake kisafi nikakihamishia kwa mwenzake.

Tukamwaga tena. Mama ndiye aliyeinama kupima kwa kidole chake.

"Zimelingana," akasema. Kisha akarudia kupima.

Tukafunga jioni ile ile, injini ikanguruma mpaka Babu akaridhika. Asubuhi nikapanda. Nilidhani tutazunguka mjini turudi, kumbe mzee kanyoosha moja kwa moja Mwese! Njia nzima nilikuwa nasikiliza injini, masikio mpaka yanauma. Haikukosa hata pigo moja.

Tulipotua Editha alikuwa amekaa kwenye gunia, ameshika kiuno. Viti ni viwili tu, si mnakumbuka? Nikashuka, nikamfunga mkanda mimi mwenyewe kwenye kiti nilichokuwa nimekalia.

"Nani katengeneza?" akauliza, anatetemeka.

"Mimi. Na hapo ulipo nimetoka mimi sasa hivi."

Akaacha kutetemeka.

Ndege ikaruka. Nikabaki nimesimama kwenye matope nikiisikiliza mpaka ikapotea, halafu nikalia kama mtoto, sioni haya kusema.

Nilirudi Mpanda kwa miguu, siku tatu. Nafika hospitali viatu havina soli, nakuta mama kapakata mtoto wa kike, mzima, na Editha amelala anakoroma.

Mama akaniangalia kuanzia chini mpaka juu. "Sasa wewe ndiyo unafika? Njoo umshike, huyu ni nusu kidole chako."

Mpaka leo nyumbani binti anaitwa Kidole.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujasema "inatosha", jiulize nani atakaa kwenye hicho kiti.

Haya mafundi wenzangu, madereva, manesi, hata nyie wa chai, semeni ukweli: kazi yako ya mwisho, ungempandisha mama yako? Nawasoma hapo chini.