Magome ya Mkomafi na Swali la Mama Shida

Saa mbili asubuhi, Shida Yuma, ambaye wateja humwita Mama Shida, amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya meza yake, mtaa wa Birere mjini Goma, akichonga gome jekundu kwa kisu. Pikipiki zinapita karibu kumgusa magoti. Mteja anaomba dawa ya tumbo la mtoto. Mama Shida anamuuliza mtoto ameharisha siku ngapi. Mbili, anajibiwa. Anaweka kisu chini.

"Siuzishi hii kwa mutoto wa kuhara," anasema. "Mupeleke ku hospitali sasa hivi. Njiani umunyweshe maji ya chumvi na sukari."

Mteja anaondoka amenuna. Mama Shida anamfuata kwa macho mpaka apotee.

Gome hilo ni la mkomafi, mmoja wa miti ya mikoko inayoota kwenye matope ya pwani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Goma. Marehemu mumewe, Abdoul, aliyekuwa dereva wa lori, alilileta kutoka Tanga, kwa wazee wake. Huko hulichemsha kutuliza tumbo na kuoshea vidonda. Mama Shida, mwenye miaka hamsini na saba, ameliuza tangu alipoolewa.

Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka, moto ulikula nyumba yao. Abdoul alikuwa safarini. Mama Shida alimbeba binti yao wa pekee, Umi, mwenye miaka sita, wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Begani alining'iniza mfuko wa magome, kwa kuwa ndiyo mali iliyokuwa karibu na mlango.

Walirudi baada ya siku chache, wakalala kwa jirani yao Philomène na kunywa maji ya ziwa. Umi akaanza kuhara. Philomène alimsihi ampeleke kwa madaktari waliokuwa wamefungua mahema. Mama Shida alikataa. Dawa alikuwa nayo: alichemsha gome, akamnywesha.

"Siku ya kwanza kuhara kulipungua, nikafurahi," anasema kwa sauti ndogo. "Sikujua maji yalikuwa yameisha mu mwili."

Siku ya tatu alimkimbiza hemani. Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mikono yote miwili, asiupate. Umi alifariki kabla ya adhuhuri.

Abdoul aliporudi hakumlaumu. Mama Shida anasema afadhali angemlaumu. Alifunga biashara miezi minane. Alipoirudia, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, aliuza magome ya kuoshea vidonda tu.

Mwaka 2024 alikuja Julien, fundi wa maabara, akitaka kuyapima. Baada ya kuyapima alimweleza kuwa gome lina ukakasi unaokaza ngozi na matumbo, na kwamba kwenye vyombo vyake liliua baadhi ya vijidudu. Lakini kiasi gani kinamfaa mtu, na kiasi gani kinamdhuru, hakuwa akijua bado. Ndipo Mama Shida, kwa mara ya kwanza, alipomsimulia mgeni habari za Umi. Julien aliandika yote.

Januari 2025 vita viliingia mjini. Maabara iliporwa, madaftari yakakanyagwa kwenye matope. Julien alikimbilia Kampala. Kwa wiki kadhaa Mama Shida hakuuza hata fungu moja.

Mwezi uliopita Julien alipiga simu. Amepata nafasi kwenye maabara ya huko, lakini hana gome hata kipande. Sasa Mama Shida anakausha magome ndani ya nyumba, anayafunga kwenye karatasi, na juu ya kila pakiti anaandika yalikotoka na mwezi yalipofika. Pakiti kumi na nne ziko tayari. Dereva mmoja, rafiki wa Abdoul ambaye ndiye humletea magome sasa, amekubali kuzivusha mpaka wa Uganda pale Bunagana.

Anasema watu wa maabara wakigundua kuwa dawa haifai kitu, wamwambie bila kumwonea haya, ataiacha siku hiyohiyo.

Na ikifaa?

Anakung'uta vumbi jekundu viganjani, taratibu, kabla ya kujibu.

"Basi nitajua kama Umi nilimupa kidogo, ao nilimupa mingi."