Nilimwambia Shosho Hayumo

Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kidogo. Humu sina hata moja, na ndiyo maana nataka uniamini. Mimi ni mtu wa kochi na blanketi, hapa Merrylands, ughaibuni; hata kanisani hufika wakati wa sadaka. Mzimu ungenitafuta mimi wa nini?

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kule Lidcombe nilikuwa na bibi mmoja Mlithuania, nikimwita Shosho kama tuwaitavyo nyanya zetu Kenya. Macho yalikuwa yamemwisha. Kila Alhamisi tuliweka filamu za makala za kwao: wachoraji, waandishi, na wale vijana walioingia msituni kupigana na Wasovieti. Nikajigamba kwamba babu yangu naye aliingia msituni, Nyandarua, kupigana na Mwingereza. Tangu siku hiyo Shosho hakutaka mhudumu mwingine.

Kaka yake aliingia msituni asirudi; hata kaburi hana. Sasa mpwa wake akaleta filamu mpya, akisema huenda yumo, katika picha moja isiyotajwa jina.

"Masikio ninayo," Shosho akaniambia. "Niazime macho. Sikio lake la kushoto limepasuka. Ukimwona, nisogeze pale, uweke vidole vyangu usoni pake."

Na mimi? Simu mapajani, nikifuatilia kina mama wa kanisa wakigombana kwenye WhatsApp ni nani aliyeunguza pilau ya harusi. Unacheka? Hata mimi nilicheka, kimyakimya. Filamu ikaisha.

"Alikuwemo?"

Ningesema turudie. Lakini shifti ilikuwa imekwisha.

"Hayumo, Shosho."

Akakunja mikono. "Basi," akasema. Nami kwenye ripoti nikaandika: tumetazama filamu pamoja.

Saa kumi jioni, jua la Januari linachoma, nilikuwa stesheni. Kwenye benchi aliketi kijana mwenye koti zito, theluji mabegani. Theluji, naapa, na haikuyeyuka. Sikio la kushoto limepasuka. Alinena Kiswahili cha kwetu Nakuru, taratibu.

"Babu yako alirudi nyumbani. Mimi nilirudi kwa ile picha tu, ukamwambia simo."

Treni ikaingia, nikageuza uso. Kutazama tena, benchi ni tupu, limelowa. Kwa Shosho ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Wewe ungekimbia kurudi, sivyo? Mimi nilipanda treni. Nikajiambia, nitamwambia Alhamisi.

Jumanne akafariki. Mpwa wake akanipa ile filamu iwe ukumbusho, akinishukuru eti nilikuwa macho ya shangazi yake. Nami, bila haya, nikaipokea.

Yumo. Dakika ya arobaini, wazi kabisa, anatazama mbele kama anayesubiri kuitwa.

Siku hizi kila Alhamisi simu huifungia kwenye kabati la jikoni, nikaiweka filamu. Akitokea, nagusa uso wake kwa niaba ya Shosho, na vidole hurudi vimelowa, baridi kama barafu. Binti yangu huniuliza kwa Kiingereza chake mbona napapasa tivii.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma haya simu ikiwa mkononi: kama hukutazama, sema hukutazama. Filamu hurudishwa nyuma. Siku ile Shosho alikuwa bado amekaa pale, akinisubiri nivae viatu.