Jina Lililokuwa kwenye Kitambulisho

Veneranda alikuwa mhasibu wa shule ya sekondari ya binafsi mjini Kigoma kwa miaka ishirini na saba, na kwa muda wote huo hakuna mpishi wala mlinzi aliyepunjwa michango yake ya uzeeni. Mkurugenzi akichelewa kutia saini, Veneranda alimfuata mpaka mlangoni kwake. "Mlinzi naye atazeeka," alikuwa akimwambia. Wafanyakazi walimpenda kwa hilo, naye alijua kwamba wanampenda.

Alipostaafu, akaenda kwenye ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii kufuatilia mafao yake. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hivyo akafuatana na Wema, mwanamke aliyekuwa akimfanyia kazi nyumbani kwake Katubuka. Wema alibeba faili na chupa ya maji. Walipoitwa dirishani, karani kijana aitwaye Feliksi aliwaamkia wote wawili shikamoo, akapokea karatasi za Veneranda, kisha akamgeukia Wema.

"Na wewe mama, namba yako ya uanachama?"

Veneranda aliwahi kujibu. "Huyu ni ndugu yangu. Kanisindikiza tu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye. Neno lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyofunika sahani inzi asitue.

Wema hakumtazama. Aliliweka faili juu ya kaunta, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtu wa kazi za ndani naye huandikishwa hapa?"

"Huandikishwa, mama. Ni mfanyakazi kama wengine. Mwajiri wake ndiye anayemleta. Una kitambulisho cha taifa?"

Wema alifungua pindo la khanga, akatoa kitambulisho. Feliksi akakisoma: "Skolastika Bucumi."

Veneranda aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Nyuma yao palikuwa na benchi tupu.

"Mwajiri wako ni nani, mama Skolastika?"

Yule mwanamke alipokea kitambulisho chake. Veneranda alisikia feni ikizunguka juu. Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta miwani kwenye mkoba.

"Nitamwambia," Skolastika alisema mwishowe, akakifunga tena kitambulisho kwenye pindo.

Walirudi kwa bajaji. Walipofika nyumbani, Skolastika alikwenda kuanua nguo, Veneranda akamfuata uani.

"Hivi unaitwa Skolastika?"

"Ego, Mama." Alipojisahau, "ndiyo" yake ilimtoka kwa Kiha. "Nilikwambia siku niliyofika kutoka Kalinzi. Ukasema msichana wa mwanzo alikuwa Wema, watoto wameshazoea kuita Wema, basi na mimi niwe Wema."

Alisema hivyo akikunja shuka, bila uchungu wowote sautini, na hapo ndipo Veneranda alipozidiwa. Angetukanwa angejitetea. Kwa miaka kumi na sita amekula kilichopikwa na mwanamke huyu, ameuguzwa naye, watoto wake wamebebwa mgongoni naye, na hajui anaitwa nani. Yeye, aliyeandika majina matatu matatu ya wapishi wa shule kila mwezi bila kukosea herufi.

Alimpigia simu mwanawe Adolf, aliyeko Dodoma. Adolf alicheka kidogo. "Mama, yule ni mtu wa nyumbani. Ukianza mambo ya mikataba utamfanya mgeni."

"Mtu wa nyumbani ana fungu gani katika nyumba hii?" Veneranda aliuliza. Adolf akageuza mazungumzo, na mama yake hakufurahi kumshinda, kwa maana maneno ya mwanawe yalikuwa ya Veneranda mwenyewe, aliyosema mezani mara nyingi.

Siku ya tatu akarudi ofisini pamoja na Skolastika. Feliksi aliwatambua.

"Mwajiri ni mimi," Veneranda alisema. "Juzi nilidanganya."

Kijana aliinamia fomu, asimtazame usoni, na huruma hiyo ilimuuma kuliko karipio. Akaeleza taratibu, ingawa Veneranda alizijua kwa moyo: mkataba wa maandishi, likizo ya mwaka, michango ya kila mwezi, sehemu ya mfanyakazi na sehemu ya mwajiri. Mshahara wenyewe haukufikia kukatwa kodi ya mapato, lakini michango haisamehewi kwa udogo wa mshahara. Ya miaka iliyopita nayo ingedaiwa, pamoja na adhabu ya kuchelewa.

"Nitalipa yote kutoka kwenye mafao yangu," Veneranda alisema. "Na sehemu yake pia nailipa mimi."

"Tarehe aliyoanza kazi?"

Veneranda alifumbua kinywa, kisha akamgeukia Skolastika.

"Jumatatu ya Pasaka," Skolastika alijibu, "mwaka Adolf alipovunjika mkono."

Mkataba waliuandikia mezani, sebuleni. Skolastika aliusoma polepole, kidole kikifuata mistari. Palipoandikwa kwamba siku ya mapumziko itakuwa kwa makubaliano, kidole kilisimama. "Iandikwe Jumapili, Mama. Nataka kuimba kwaya." Veneranda akaandika Jumapili. Kalamu ilipotulia alisema, "Nisamehe."

Alitarajia kuambiwa si kitu, ndivyo watu wanavyosema. Skolastika alilaza viganja vyote viwili juu ya karatasi.

"Nimesikia, Mama," alisema.

Wiki iliyofuata alichukua likizo, ya kwanza kuandikwa tangu aanze kazi: siku ishirini na nane. Pikipiki ilimpeleka Kalinzi kwa dada yake. Veneranda alitamani kumuuliza kama atarudi, akajizuia. Swali hilo hakuwa na haki nalo. Majirani walipokuja kulalamika kwamba anawaharibia wasichana wao kwa mambo ya mikataba, aliwasimulia kila kitu, hata ule uongo wa dirishani, na baadhi yao wakaaga mapema.

Skolastika alirudi siku ile ile iliyoandikwa, si kabla wala baada. Alikuwa na kikapu cha viazi na ndizi za mlimani. Veneranda alinyoosha mikono mlangoni ampokee mzigo, Skolastika akasita kidogo, kisha akamwachia.